Kutu katika spoki za pikipiki: kung'arisha si kuponya

Chumvi ya bahari ya Mombasa na chumvi inayomwagwa barabarani nchini Uingereza wakati wa baridi hufanya kazi moja: hula nyaya zinazoshikilia gurudumu la pikipiki. Makala ya leo yanaeleza namna ya kuzisafisha nyaya hizo, na namna ya kutambua zile ambazo hazifai tena kusafishwa.

Wasikilizaji wapenzi, asubuhi na mapema katika kivuko cha Likoni, mjini Mombasa, pikipiki hupanda feri pamoja na umati wa watu waendao kazini. Upepo wa bahari huzipiga, na unyevu wenye chumvi hutua juu ya kila kipande cha chuma. Maelfu ya kilomita kutoka hapo, katika mji wa Leicester, katikati ya Uingereza, bahari iko mbali. Lakini usiku wa baridi kali malori ya halmashauri hupita yakimwaga chumvi ya mawe ili barafu isigande barabarani. Chumvi hiyo huchimbwa chini ya ardhi, na mgodi mkubwa kuliko yote nchini humo uko Winsford, katika jimbo la Cheshire, ambako uchimbaji wa chumvi ya mawe ulianza mwaka 1844. Kwa hiyo mwendesha pikipiki wa Likoni na mwenzake wa Leicester, ingawa mmoja hutoka jasho na mwingine hutetemeka kwa baridi, wana adui mmoja.

Adui huyo hujionyesha kwanza kwenye spoki. Spoki ni nyembamba, ni nyingi, zimesongamana, na ziko karibu na matope. Pikipiki ndogo ya kawaida huwa na spoki 36 katika kila gurudumu, na kila spoki ina kona zake ambazo kitambaa hakifiki kwa urahisi. Mwenye pikipiki huosha tangi, hufuta kiti, hupiga kioo cha taa, kisha huziacha spoki kwa siku nyingine. Siku hiyo ikichelewa, rangi ya fedha hugeuka kahawia.

Watu wengi huichukulia kahawia hiyo kuwa ni aibu ya macho tu. Hapo ndipo kosa huanzia. Ili kuelewa kwa nini, yafaa kwanza kujua spoki hufanya kazi gani.

Gurudumu la mkokoteni lenye mikono ya mbao hubeba mzigo kwa kukandamizwa: mkono ulio chini husimama kama nguzo. Spoki ya waya haiwezi kusimama kama nguzo, ukiisukuma hupinda. Yenyewe hubeba kwa kuvutwa. Spoki zote zimekazwa kutoka kwenye kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu, hadi kwenye rimu, na mvutano wao kwa pamoja ndio unaolifanya gurudumu kuwa gumu na duara. Fikra hiyo ni ya zamani. Sir George Cayley wa Uingereza aliiandika mwaka 1808 alipokuwa akitafuta magurudumu mepesi ya chombo cha kuruka angani. Mwaka 1874 James Starley, wa mji wa Coventry, alisajili hataza ya gurudumu la baiskeli ambalo spoki zake zimepishana badala ya kwenda moja kwa moja, ili ziweze kuhimili nguvu ya kusukuma na kusimamisha. Pikipiki iliupokea mpangilio huo kutoka kwa baiskeli, na hadi leo pikipiki za spoki zimejengwa hivyo.

Sasa hesabu kidogo. Gurudumu la pikipiki ndogo ya abiria lina mzingo wa karibu mita 1.8. Katika kilomita moja huzunguka zaidi ya mara 500. Katika kila mzunguko, kila spoki hulegea kidogo inapofika chini, kisha hukazika tena inapopanda. Pikipiki inayokwenda kilomita 100 kwa siku huzipitisha spoki zake katika mvutano huo zaidi ya mara 50,000. Waya mzima huvumilia kwa miaka mingi. Waya ulioliwa hauna uvumilivu huo.

Kutu huzaliwa pale chuma, maji na hewa ya oksijeni vinapokutana. Maji safi hufanya kazi hiyo polepole. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na kwa kuwa kuoza kwa chuma ni mwendo wa umeme mdogo kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine, chumvi huuharakisha. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana huvimba, hubandua rangi, na huikaba nati ndogo ya spoki mpaka ikatae kuzunguka.

Lakini ubaya mkubwa wa kutu si rangi yake wala uvimbe wake. Ni vishimo. Kutu haili chuma sawasawa kama msasa ulavyo mbao. Huchimba hapa na pale. Nguvu inayoivuta spoki hukusanyika kwenye vishimo hivyo, na kwenye kimojawapo huanza ufa mwembamba kuliko unywele. Kila mzunguko huurefusha ufa huo kidogo, hadi siku moja spoki hukatika. Mara nyingi hukatika penye kona, pale inapoingia kwenye habu, au penye hesi, pale inapoingia kwenye nati. Spoki moja ikikatika, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo huchoka upesi. Gurudumu huanza kuyumba. Abiria aliyekaa nyuma na mwanawe mapajani hana habari. Yeye huona kiti kilichofutwa na tangi linalong'aa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo kusafisha spoki kuna makusudi mawili. La kwanza ni kuondoa kutu na chumvi ili uharibifu usiendelee. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni kuufunua uso wa chuma ili ukaguliwe. Anayesafisha bila kukagua amefanya nusu ya kazi, na huenda akawa ameifanya ile nusu isiyo na maana.

Kazi huanza kwa usalama wa mwenye kuifanya. Pikipiki isimamishwe kwa stendi yake kubwa, juu ya sakafu ngumu, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru. Wako watu ambao, ili kujirahisishia, huwasha injini, hutia gia na kuliacha gurudumu la nyuma lizunguke lenyewe huku wameshika kitambaa. Kitambaa hunaswa na mnyororo, na vidole hukifuata. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, kidogo kidogo. Glovu na miwani ya kukinga macho si anasa, kwa maana vumbi la kutu na nyuzi za brashi ya waya huruka.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Maji safi yasiyo na chumvi, sabuni laini na brashi ndogo vyatosha kuondoa matope. Mafuta mazito yaliyorushwa na mnyororo huondolewa kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kidogo. Hapa panahitajika uangalifu: mafuta ya aina yoyote yakifika kwenye diski au viatu vya breki, breki hupungua nguvu, yakikaa kwenye tairi, tairi huteleza. Mpira wa maji wenye shinikizo kubwa usielekezwe kwenye habu, kwani maji hupenya kwenye beringi na kuifukuza grisi. Baada ya kuosha, gurudumu likaushwe kabisa.

Hatua ya pili ni kuitambua spoki yenyewe, kwa sababu spoki zote si za aina moja. Iliyopakwa zinki ina rangi ya kijivu iliyofifia. Zinki hujitoa kafara: huliwa yenyewe kabla ya chuma kilicho ndani, na inapoliwa hutoa unga mweupe. Unga huo si kutu ya chuma. Ni dalili kwamba kinga bado inafanya kazi, lakini inakwisha. Spoki iliyopakwa kromiamu hung'aa kama kioo. Kromiamu haijitoi kafara. Ikipata tundu dogo, maji hupenya na chuma huoza chini yake, na kwa nje huonekana vidoa vidogo vya kahawia. Aina ya tatu ni ya chuma kisichoshika kutu upesi, ambacho Harry Brearley alikitengeneza mjini Sheffield mwaka 1913 kwa kuchanganya chuma na kromiamu. Spoki za aina hiyo kwa kawaida huhitaji kuoshwa na kufutwa tu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna ya kusugua. Kwenye zinki, sugua kwa upole kwa kitambaa au kwa sponji ngumu ya plastiki. Tabaka la zinki ni jembamba, na anayelisugua kwa nguvu ili ling'ae huiondoa kinga yenyewe. Baada ya mvua chache kutu hurudi maradufu. Kwenye kromiamu, dawa rahisi ni karatasi ya alumini, ile inayotumika jikoni kufungia chakula. Ikunjwe, ichovywe majini, kisha isuguliwe juu ya vidoa. Alumini ni laini kuliko kromiamu, kwa hiyo huondoa kutu bila kuikwaruza. Waya wa kusugulia sufuria, ule wa nyuzi nene, usitumiwe kwenye kromiamu.

Kwa kupiga msasa, mafundi wengi hukata ukanda mwembamba, huuzungushia spoki na kuuvuta huku na huku kama anayeng'arisha viatu. Njia hiyo ni ya haraka, lakini huacha mikwaruzo inayoizunguka spoki, na mkwaruzo wa namna hiyo hukata njia ya mvutano na waweza kuwa mwanzo wa ufa. Ni bora ukanda wa kitambaa utumiwe hivyo kwa kupaka nta na kung'arisha, bali msasa, tena ule laini, upelekwe kwa urefu wa spoki kutoka habu hadi rimu. Haraka haraka haina baraka.

Kutu sugu kwenye chuma kilichokwisha kupoteza kinga yake huweza kulainishwa kwa siki. Kitambaa kilicholoweshwa siki hufungwa kwenye spoki kwa muda mfupi, huku kikitazamwa mara kwa mara, kisha kutu iliyolainika husuguliwa. Baada ya hapo spoki husuuzwa kwa maji yenye soda ya kuokea mikate ili kuua ukali wa siki, husuuzwa tena kwa maji matupu, na hukaushwa papo hapo. Siki isitumike kwenye zinki wala kuachwa juu ya rimu ya alumini, kwani madini hayo mawili huliwa nayo. Ndimu nayo hufanya kazi kama siki, na masharti yake ni yale yale.

Kuna dawa moja ambayo yafaa kukataliwa kabisa, nayo ni asidi kali, iwe ya kusafishia vyoo au ya betri. Huiondoa kutu kwa dakika chache, na hilo ndilo linalowavutia watu. Lakini asidi inapokula chuma hutoa haidrojeni, na haidrojeni hiyo huweza kuingia ndani ya chuma kigumu kilichovutwa na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Spoki hutoka ikiwa nyeupe na safi, ilhali imedhoofika mahali ambapo jicho halioni.

Kutu ikishaondoka, ndipo ukaguzi unapofanyika. Gurudumu lizungushwe taratibu mahali penye mwanga, na kila spoki itazamwe kutoka kona yake ya chini hadi kwenye nati. Kisha kila moja igongwe kwa upole kwa mpini wa bisibisi. Spoki iliyokazwa vizuri hulia kwa sauti nyembamba na safi; iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Sikio la fundi mzoefu hugundua spoki moja iliyolegea miongoni mwa 36 kabla ya jicho lake. Halafu kucha ya kidole ipitishwe juu ya sehemu zilizokuwa na kutu. Ikiwa uso ni laini, kutu ilikuwa ya juu juu, na spoki hiyo imepona. Ikiwa kucha inakwama kwenye vishimo, au waya umekuwa mwembamba kuliko jirani zake, au pana mstari mweusi penye kona, spoki hiyo haina dawa. Itolewe.

Hapo ndipo mteja na fundi hukwaruzana. "Fundi, wewe ing'arishe tu, mwezi huu hali ngumu," husema mteja. Ombi lake linaeleweka. Kwa mwendesha bodaboda, siku moja ya pikipiki kulala gereji ni siku moja bila posho ya nyumbani, na huenda mwenye chombo akadai hesabu yake vilevile. "Ndugu yangu, kung'aa itang'aa," humjibu fundi mwenye dhamana, "lakini hii haibebi mtu." Fundi asiye na dhamana huchukua kopo la rangi ya fedha, hupuliza gurudumu zima, hupokea ujira wake na hunyamaza. Rangi hiyo huficha vishimo na nyufa pamoja. Kwa sababu hiyo, anayenunua pikipiki iliyotumika, iwe Mombasa, Maskati au Birmingham, azitazame kwa shaka spoki zilizopakwa rangi mpya juu ya uso wenye mabonde.

Kutoa spoki kunahitaji subira. Nati iliyokabwa na kutu itiwe mafuta ya kupenya na iachwe usiku kucha. Asubuhi itumike spana maalumu ya spoki inayoikaa nati barabara, kwani koleo huziviringa pembe zake. Nati izungushwe kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kulazimishwa. Spoki mpya iwe na unene na urefu ule ule wa ya zamani, na hesi yake ipakwe grisi kabla ya kufungwa. Ikiwa ncha yake inachomoza ndani ya rimu, ikatwe na kupigwa tupa, na ukanda wa mpira urudishwe mahali pake, la sivyo itatoboa tyubu njiani. Kisha gurudumu linyooshwe kwa kukaza na kulegeza spoki kidogo kidogo, robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, mpaka lisiyumbe kushoto na kulia wala kupanda na kushuka. Asiyewahi kufanya kazi hii ampelekee fundi wa magurudumu. Na ikiwa spoki kadhaa za gurudumu moja zimekatika au zimechimbika, busara ni kubadilisha zote, kwa maana zote zimeishi maisha yale yale na kula chumvi ile ile.

Spoki zilizopona nazo zinahitaji kinga mpya. Nta ya gari, ikipakwa kwa kitambaa na kufutwa, huzuia maji kwa majuma kadhaa. Palipobaki chuma kitupu, rangi ya msingi yenye zinki, ikifuatiwa na tabaka jembamba la rangi ya juu, hudumu zaidi. Tabaka hilo lipakwe baada ya ukaguzi, si kabla yake, na liwe jembamba ili ufa ukitokea baadaye uweze kuonekana.

Hata hivyo, hakuna nta wala rangi inayoshinda maji safi. Mwendesha pikipiki wa Leicester anayerudi kutoka barabara yenye chumvi, akimwagia magurudumu maji ya bomba jioni ile ile, ameipunguzia spoki zake safari ndefu ya kuoza. Wa Likoni aweza kufanya vivyo hivyo kwa ndoo moja, mradi maji yake si ya kisima chenye chumvi. Na yule wa Maskati, ambako joto la kiangazi huchanganyika na unyevu wa bahari, asiifunike pikipiki yake kwa turubai la plastiki lisilopitisha hewa, maana chini yake unyevu hukaa na kutu hustawi.

Wasikilizaji wapenzi, kazi yote iliyoelezwa hapa haizidi mchana mmoja, na vifaa vyake vingi viko jikoni: sabuni, siki, soda, karatasi ya alumini na kitambaa. Kisichopatikana jikoni ni uamuzi wa kuitoa spoki iliyokufa hata kama sasa inang'aa. Uamuzi huo humgharimu mwenye pikipiki siku moja ya kazi. Asipoufanya yeye, kuna siku utafanywa na spoki yenyewe, barabarani, mwendo ukiwa mkali na mtu akiwa amekaa nyuma.